Lakiri ya Nyumbani Humlinda Pia Mchukuzi wa Barua

Barua ni amana. Mwenye kuiandika humkabidhi mwingine maneno ambayo pengine asingethubutu kuyatamka mbele ya jirani, kisha hukaa akingoja, asijue yatapita katika mikono mingapi. Ndiyo sababu tangu kale watu waliifunga barua kwa nta na kuigandamiza muhuri. Mwaka 1215, Mfalme John wa Uingereza alipoukubali mkataba uitwao Magna Carta, hakuutia sahihi kwa kalamu. Ulipigwa muhuri wake katika nta ya nyuki. Hata watu wa kawaida walifanya hivyo, kwa kuwa kabla ya mwaka 1840 posta ya Uingereza ilitoza ada kwa kila karatasi, na bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi ya pili. Waliikunja barua yenyewe na kuifunga kwa lakiri.

Katika miaka ya 1980, kabla simu za mkononi hazijaenea, mjane mmoja wa mji mdogo kando ya Ziwa Tanganyika alimwandikia mwanawe aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo ya ziwa. Alimweleza ya kuwa anakusudia kuuza sehemu ya kiwanja ili alipe karo ya wadogo zake. Barua ilichukuliwa na kijana wa jirani aliyekuwa akisafiri kwa mashua. Kabla ya majibu kurudi, habari za kiwanja zilikwisha kufika sokoni, na shemeji za mjane wakaja juu. Kijana akashitakiwa kuwa ameifungua barua. Akaapa kuwa hakuifungua. Hapakuwa na ushahidi wa kumtia hatiani, wala wa kumtoa. Nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana chumvi na moto zikaacha kusalimiana.

Mjane alikwenda kwa mzee mmoja, karani mstaafu, kutaka shauri. "Mama," mzee alimwambia, "siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini barua yako ilikuwa na kata nyingi. Barua isiyo na lakiri huwashitaki wote walioishika, mwema na mwovu." Hakumlaumu kijana, wala hakumtetea. Alimwagiza alete nta.

Lakiri ya dukani aghalabu hutengenezwa kwa utomvu wa mdudu mdogo wa Bara Hindi, nayo haikupatikana kwa urahisi. Karani alitumia vitu vilivyokuwa karibu: sehemu mbili za nta safi ya nyuki na sehemu moja ya utomvu mkavu wa msonobari, ule ambao mafundi wa redio huutumia katika kulehemu. Nta peke yake ni laini mno, na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi; utomvu huipa ugumu na kuifanya ishike karatasi. Mshumaa wa dukani haufai, kwa maana hupasuka na kubanduka, tena huacha doa la mafuta.

Aliviyeyusha katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Kamwe hakuliweka kopo juu ya moto wenyewe, kwa kuwa nta na utomvu hushika moto upesi. Kifuniko kilikuwa karibu, maana nta ikiwaka huzimwa kwa kufunikwa. Kuimwagia maji ni kuurusha moto jikoni kote. Mchanganyiko ulipolainika, aliuchuja kwa kitambaa, akatia unga laini wa udongo mwekundu uliochekechwa. Mwenye kutaka rangi nyeusi angeweza kutia masizi. Kisha aliumimina katika vijineli vya karatasi iliyopakwa mafuta, navyo vilipopoa akapata vijiti vya lakiri vyenye unene wa kidole.

Ilibaki kazi ya muhuri. Mjane alitaka kutumia sarafu, mzee akakataa. Sarafu iko katika kila mfuko. Mwovu akiivunja lakiri, ataifunga tena kwa sarafu kama hiyo, na hakuna atakayejua. Muhuri sharti uwe wa mtu mmoja. Akachukua kipande cha mti mgumu, akakisugua mpaka kikawa laini, akachonga herufi moja na alama ndogo pembeni. Herufi huchongwa kinyume, kama ionekanavyo katika kioo. Lakini A, H, M, O na T hazibadiliki zikigeuzwa, na anayeanza afadhali ajifunzie hizo. Kila alipochonga kidogo, alijaribu muhuri katika donge la unga uliokandwa.

Siku ya kufunga, kijiti kilishikwa juu ya ncha ya moto wa mshumaa, si ndani yake, ili moshi usikitie weusi. Matone yaliangukia pale ukingo wa bahasha unapokutana na mgongo wake, nusu huku na nusu kule. Muhuri uliloweshwa maji kwanza ili usinate. Mzee alingoja kidogo lakiri ianze kuwa nzito, akaugandamiza, akautuliza mpaka ikapoa, ndipo akaunyanyua. Chapa moja ilipigwa pia katika karatasi iliyotangulia kwa mwana, apate kuilinganisha.

Mjane aliuliza kama sasa barua haiwezi kufunguliwa. Mzee alimjibu kwa kweli: kisu chenye moto huweza kupita chini ya lakiri. Lakiri si kufuli. Haimzuii mkono, humwachia alama.

Barua ya pili ilipewa kijana yule yule. Mjane ndiye aliyetaka hivyo, na majirani wengi walishangaa. Kijana aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama chapa mbele ya watu, na alipofika ng'ambo akamwonyesha mwenye barua kabla ya kuitoa mkononi. Lakiri ilikuwa nzima. Aliyeifungua ile ya kwanza hakujulikana hata leo, lakini nyumba mbili zilianza tena kuazimana chumvi.

Siku hizi maneno mengi husafiri kwa simu. Hata hivyo wasia, hati ya shamba na barua ya posa zingali zikiandikwa katika karatasi na kupitia mikononi mwa watu. Mwenye kupeleka kwa posta na aitie bahasha yenye lakiri ndani ya bahasha nyingine, kwa maana mitambo ya kuchambulia barua huweza kuivunja. Na mwenye kumtuma mtoto wa jirani na akumbuke ya kuwa kuifunga barua si kumshuku mchukuzi. Ni kumpa ushahidi wa uaminifu wake.