Taa ya Njano, Njia ya Bagamoyo

Ukishapita Bunju, njia ya Bagamoyo hufunguka. Maduka ya saruji na mabati hupungua, minazi hujitokeza, na kuanzia Mapinga upepo hubeba harufu ya chumvi. Tuliifuata njia hiyo Jumamosi moja pamoja na mpwa wetu, tukiwa na shilingi 1,800,000. Dada yetu, mamaye kijana, alikuwa amezikusanya kwa miaka miwili katika mchezo wa upatu wa akina mama wa mtaani. Kijana alihitaji pikipiki ya kuchukulia samaki Bagamoyo alfajiri na kuwauza Bunju. Fedha nyingine haikuwapo.

Pikipiki ya kwanza tuliiona kando ya barabara, imeng'arishwa kama kioo. Kijana aliipenda papo hapo. Tukaomba ufunguo. Katika pikipiki zinazonyunyiziwa mafuta kwa mitambo ya umeme badala ya kabureta, taa ya njano yenye umbo la injini hutakiwa kuwaka mara ufunguo unapozungushwa, kisha izimike ikiwa hakuna hitilafu. Hii haikuwaka kabisa. Muuzaji alisema kuwa hiyo ndiyo dalili ya uzima. Hatukukubali, kwani taa isiyowaka hata wakati wa kujikagua huenda imeungua, au waya wake umekatwa makusudi ili isiseme. Tuliaga kwa adabu. Mpwa wetu alinuna mpaka Kiromo.

Muuzaji wa pili alikuwa ametuahidi baada ya Adhuhuri, hivyo tulipata wasaa wa kutembea. Tulipita Ngome Kongwe, tukateremka hadi soko la samaki. Mji huu ulipokea misafara ya pembe za ndovu kutoka Tabora na Ujiji, ukawa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891; siku hizi asubuhi yake ni ya ndoo, mizani na kelele za mnada. Ufukweni fundi alikuwa akitia jahazi kalafati, akishindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao. Tulimwuliza mtu hununuaje chombo kikuukuu. Alicheka.

"Rangi si kitu, shekhe. Inama uitazame ngama."

Muuzaji wetu alikuwa mzee mwenye kanzu iliyofuliwa mara nyingi. Kabla hatujaketi alisema, "Taa hii inawaka tangu mwezi uliopita. Sababu siijui, na bei nimeipunguza kwa ajili hiyo."

Mpwa wetu alitunong'oneza, "Mjomba, twende zetu." Tukamzuia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa baraka ya biashara imo katika kubainisha aibu ya bidhaa, na mzee alikuwa ameibainisha bila kuulizwa. Hata hivyo, ukweli wa muuzaji hautengenezi injini. Tukamwita fundi.

Ingalikuwa ni taa nyekundu ya oili tungeondoka, kwa kuwa injini inayokosa oili hujiua yenyewe kwa muda mfupi. Ya njano huhitaji subira. Fundi alihesabu ilivyokuwa ikipepesa, ndefu na fupi, maana katika baadhi ya pikipiki huko kupepesa ndiko kunakotaja penye tatizo. Akafuata nyaya mpaka kwenye kihisi cha bomba la moshi, akakuta kiungio kimeota kutu ya kijani. Hewa ya pwani haihurumii shaba. Alipokisafisha, taa ilizimika.

Mzee alitabasamu, lakini hatukulipa. Tuliomba khiyari ya siku 3, muda ambao mafakihi wa Kishafii, madhehebu ya wengi wa pwani yetu, wanaujua vyema, na fedha tukaziweka kwa mzee mmoja wa msikiti. Kijana akavaa kofia ngumu, akaanza kwenda na kurudi: Kaole, Zinga, Kerege, mara nyingine akiwa na tenga la samaki nyuma.

Siku ya pili, karibu na Zinga, taa ikawaka tena. Kihisi chenyewe kilikuwa kimekufa. Tulimpigia mzee simu tukiwa tumejiandaa kwa ubishi. Akauliza kihisi kipya ni shilingi ngapi. Tulipomwambia 120,000, akasema ziondolewe katika bei.

Jumanne alasiri, kihisi kipya kikiwa kimefungwa na taa imezimika, tuliandikiana mkataba mbele ya mashahidi wawili. Kadi ilikuwa kwa jina la mzee mwenyewe, na nambari ya chesisi ililingana. Mpwa wetu aliondoka kabla ya Magharibi. Sisi tulirudi kwa basi, simu mkononi, tukisubiri atuarifu kuwa amefika Bunju.