Choo Juu ya Mwamba

Methali isemayo mavi ya kale hayanuki hutumiwa na watu kusameheana makosa yaliyopita. Kwa makosa ni methali njema; kwa choo haifai, maana kitokacho kwa mtu hakipotei, huhama tu.

Mwambao haukungoja mgeni aufundishe kujisitiri: magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yana vyoo vya shimo ndani ya nyumba za mawe. Huko Uingereza John Harington alieleza choo cha kumwagia maji mwaka 1596, na mwaka 1775 Alexander Cumming alipata hataza ya bomba lililopindwa mfano wa herufi S, ambalo maji yakaayo katika pindo lake huzuia harufu isirudi chumbani. Lakini chumba kilisafika, mto ukachafuka. Katika joto la mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata wabunge wa London wakashindwa kuvumilia, na mabomba makuu ya majitaka yakaamriwa kujengwa.

Mwanza ina funzo hilo katika mawe yake. Milimani Igogo na Mabatini nyumba zimeshikamana na majabali. Mwenye nyumba hupiga sururu mara chache, kisha chuma hulia juu ya mwamba. Shimo huwa fupi, hujaa upesi. Masika yakija hufurika, na uchafu huteremka kwa mitaro na mto Mirongo mpaka ziwani. Na ziwa hilo ndilo linywewalo na mji. Mayai ya kichocho cha tumbo hufika majini pamoja na kinyesi. Kijidudu hulelewa na konokono, kisha hupenya ngozi ya mtoto aogaye na mvuvi avutaye wavu.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na vyoo vingi vikachimbwa nchini. Shimo lilikuwa jawabu la udongo. Mwamba wataka jawabu jingine: bomba jembamba lishukalo mlimani kutoka ua hata ua, mpaka mabwawa ya kusafishia majitaka. Baadhi ya vilima vya Mwanza vimekwisha kupata mabomba hayo.

Hapo ndipo penye mtihani. Shimo huchimbwa na mtu mmoja katika kiwanja chake, wala haombi ruhusa; bomba halipiti ila jirani wa chini amekubali kupokea cha jirani wa juu.