Hashia Isiyo na Mwenyewe: Maelezo ya Disasembla na Mizani ya Chai

Mhakiki wa matini za kale amezoea kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: maneno haya ni ya nani? Swali hilo huulizwa juu ya hati za tenzi, lakini halikomei hapo. Katika vilima vya Kericho na Bomet, ambako mkulima mdogo hupeleka majani mabichi ya chai kituoni na kupimiwa kwa mizani ya elektroniki, laweza kuulizwa pia juu ya maandishi ambayo wengi hawayahesabu kuwa matini, nayo ni programu iliyomo ndani ya mizani.

Programu hutungwa na mtu, kwa lugha ambayo mjuzi mwingine anaweza kuisoma, na kando ya amri mtunzi huweka maelezo ya kumwonyesha mwenzake kusudi la kila hatua. Mashine haina haja ya maelezo hayo. Programu inapogeuzwa kuwa msimbo wa mashine, maelezo yote hutupwa, zikabaki tarakimu tupu. Atakaye kuusoma msimbo huo bila ya nakala asilia hana budi kutumia disasembla, yaani programu inayozirudisha tarakimu katika amri za lugha ya asembli, mstari baada ya mstari. Amri hurudi, lakini maelezo ya mtunzi hayarudi. Kwa hiyo maelezo yoyote yaonekanayo katika orodha ya disasembla yametiwa na disasembla yenyewe au na msomaji wake. Hayo ni hashia ya mfasiri, wala si kauli ya mtunzi.

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba mizani fulani ina prosesa ya jamii ya ARM, na kwamba msomaji amekutana na mstari huu:

sub r0, r0, #100 ; 0x64

Amri inasema: punguza 100 katika thamani iliyomo ndani ya rejista r0. Kinachofuata nukta-mkato ni maelezo ya disasembla, ambayo yanairudia 100 ile ile katika hesabu ya msingi wa kumi na sita. Maelezo hayo ni ya kweli, wala hayadai zaidi ya hapo. Sasa msomaji, akijua kwamba uzito wa gunia huondolewa kabla ya kilo za mkulima kuandikwa, anaongeza maneno matatu: uzito wa gunia. Maneno hayo yanakaa nyuma ya alama ile ile, katika safu ile ile. Yamkini ni sahihi. Yamkini pia 100 hiyo ni marekebisho ya sahani ya mizani, au jambo jingine kabisa. Lakini mtu wa tatu, aliyeletewa karatasi hiyo palipozuka ugomvi wa kilo, haoni dhana ya msomaji. Anaona programu ikikiri kwa kinywa chake kwamba inaondoa uzito wa gunia.

Hapo ndipo panapodhihirika kazi ya alama ya maelezo, na upungufu wake. Kazi yake ni kuweka mpaka kati ya amri na maelezo, na mpaka huo si mmoja kila mahali. Katika asembla ya GNU kwa prosesa za jamii ya Intel, alama # hufungua maelezo. Kwa ARM, alama hiyo hiyo katikati ya mstari hutangulia tarakimu, kama ilivyoonekana hapo juu, na maelezo hufunguliwa kwa @. Kwa ARM ya biti 64 maelezo hufunguliwa kwa //. Nukta-mkato, ambayo katika asembla ya NASM hufungua maelezo, katika asembla ya GNU kwa ARM hutenga amri na amri. Hata hivyo, kwa miaka mingi disasembla ya GNU ilikuwa ikiandika maelezo ya ARM nyuma ya nukta-mkato. Aliyechukua orodha hiyo na kuirudisha kwa asembla ya mradi huo huo aliona maelezo yake yakisomwa kama amri na kukataliwa. Matoleo ya karibuni yanatumia @, na mgongano huo umeondoka. Wachunguzi wa miswada wanaujua mkasa wa namna hii: mnakili huona neno pambizoni, hudhani limesahauliwa, akalitia ndani ya ubeti.

Upungufu wa alama ni kwamba haitengi maelezo na maelezo. Ghidra, iliyotolewa kwa umma na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani mwaka 2019, ina aina tano za maelezo: ya kabla ya amri, ya baada yake, ya mwisho wa mstari, ya kichwani, na yanayorudiwa kila amri hiyo inaporejelewa. Majina hayo yanaeleza zaidi maelezo yanakaa wapi kuliko yametoka kwa nani, na kwa uhakika gani.

Kericho ina mfano wake katika vitabu. Ian Orchardson, aliyeishi miongoni mwa Wakipsigis, aliandika mswada wake kati ya 1929 na 1937. Kitabu *The Kipsigis* kilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1961, na ukurasa wa jina unatangaza kwamba A. T. Matson amekifupisha, amekihariri na amekiandika upya kwa sehemu. Tangazo hilo ni la uaminifu. Lakini tangazo la mlangoni haliwezi kufanya kazi ya alama ya mstarini. Mtafiti anayenukuu sentensi moja kutoka katikati ya kitabu hana budi kuuliza kama amenukuu shahidi wa miaka ya 1930 au mhariri wa 1961.

Taaluma ya uhariri wa matini ina dawa ya kale: kila hashia ibebe jina la mwenyewe na kiwango cha yakini yake. Msomaji wa msimbo naye anaweza kuandika, baada ya alama yoyote inayotakiwa na asembla yake: "msomaji: labda uzito wa gunia, haijapimwa." Maneno hayo hayampunguzii mkulima haki yake. Yanamwambia mwamuzi wa ugomvi kwamba kilichobaki ni kuweka gunia tupu juu ya mizani na kutazama.