Bakuli la Sukari

Wapo watu wasemao ya kuwa hadithi za kutisha ni za watoto na wavivu, na ya kuwa mtu mzima aliyesoma hana haja nazo. Sipendi kushindana nao. Lakini mwezi uliopita nilisoma kitabu kimoja cha namna hiyo kwa muda wa usiku nne, nami naona kina faida kubwa kwetu sisi tukaao vijijini.

Jina lake kwa Kiingereza ni We Have Always Lived in the Castle, maana yake, Siku Zote Tumekaa Ngomeni. Mtungaji wake ni Bibi Shirley Jackson wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1916 akafa mwaka 1965. Kilitolewa mwaka 1962, nacho ni cha mwisho katika riwaya alizozimaliza. Bibi huyu alikaa miaka mingi North Bennington, mahali padogo katika jimbo la Vermont, na mumewe alikuwa akifundisha katika chuo cha huko. Basi mambo ya kijiji aliyajua.

Hadithi za namna hii ni za zamani. Tangu Mwingereza Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto mwaka 1764, watungaji wamependa nyumba kuukuu, ngazi zenye giza, na siri ya ukoo iliyofichwa nyuma ya mlango. Lakini katika kitabu cha Bibi Jackson hapana mzuka hata mmoja. Hofu yote imo jikoni, na mezani, na katika njia ya kwenda dukani.

Habari yenyewe ni hii. Palikuwa na dada wawili: Constance, mwenye miaka 28, na Mary Katherine aitwaye Merricat, mwenye miaka 18, naye ndiye asimuliaye. Walikaa katika nyumba kubwa pamoja na ndugu wa baba yao, mzee mgonjwa wa kiti cha magurudumu. Miaka sita kabla ya hapo, baba yao, mama yao, ndugu yao mdogo na mke wa mzee yule walikufa kwa sumu iliyotiwa katika bakuli la sukari. Constance ndiye aliyepika, wala yeye hali sukari. Akashtakiwa, na baraza la hukumu likamwachilia. Tangu hapo hakuvuka mpaka wa bustani yake. Merricat, ambaye usiku ule alikuwa amenyimwa chakula kwa adhabu, ndiye aliyekwenda kijijini mara mbili kwa juma kununua mahitaji, huku watu wazima wakimkodolea macho na watoto wakimwimbia wimbo wa dhihaka.

Msomaji mwangalifu hutambua mapema ya kuwa Merricat ndiye aliyetia sumu. Lililonishika mimi ni jambo jingine: ya kuwa Constance alijua tangu siku ile ile, kwa maana aliliosha bakuli kabla askari hawajafika, akasema aliona buibui ndani yake. Mmoja aliua, wa pili akabeba shtaka, wakakaa miaka sita wakila pamoja na kupendana, wala hawakulitaja neno lile.

Nilipofika hapo nilikifunika kitabu. Mke wangu akaniuliza, “Mwalimu, kitabu gani hicho kinachokunyima usingizi?” Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema, “Hata katika ukoo wetu wapo walioosha bakuli.” Najua alimfikiri nani, wala sitamwandika hapa. Lakini usiku ule tulizungumza juu ya jambo ambalo hatukupata kulizungumza tangu tulipooana.

Jambo la pili ni la kijiji. Siku moja nyumba ile iliungua. Watu wakaja wakauzima moto; na moto ulipokwisha kuzimika, mkubwa wa wazima moto alivua kofia yake ya kazi, akaokota jiwe, akavunja dirisha. Ndipo wote wakaingia, wakavunja vyombo na viti vya watu ambao hawakuwakosea kitu. Baadaye wakaanza kuleta chakula, wakakiweka mlangoni pamoja na barua ndogo za kuomba radhi. Lakini dada wale hawakutoka tena. Walijifungia jikoni katika magofu, na mimea ikaifunika nyumba.

Juma lile lile niliwasikia watoto wa shule wakiimba walipopita karibu na nyumba ya mama mzee mmoja, ambaye husemwa mengi kwa kuwa wanawe walikufa wote akabaki yeye. Kesho yake niliwahadithia habari ya Merricat. Kijana mmoja akainua mkono akasema, “Lakini, Mwalimu, katika nyumba ile alikuwamo mwuaji kweli. Basi wimbo ulikuwa wa haki.”

Swali hili ni zito, wala halijibiwi kwa fimbo. Nilimwambia ayatazame tena maneno ya wimbo ule. Watoto wa kijiji kile waliimba ya kuwa Constance ndiye mtia sumu. Na Constance hakumwua mtu. Walikuwa karibu sana na kweli, hata hivyo wakamkosa mwenye hatia na kumpiga asiyekuwa nayo. Aimbaye hataki kujua. Kama angetaka kujua, angebisha hodi akaingia akaketi. Yule kijana hakunijibu, lakini Jumamosi nilimwona akimtekea yule mama maji.

Kitabu hiki si kirefu, na Kiingereza chake si kigumu. Sishauri wapewe watoto wadogo. Lakini mume na mke wanaojua kusoma wakisome pamoja, tena wasiogope kusimama katikati na kuzungumza.