Maji ya Punda



Katika Injili ya Luka 13:15, Bwana wetu anawakumbusha wakosoaji wake jambo walilolifanya hata siku ya Sabato: kumfungua ng'ombe au punda na kumpeleka kunywa maji. Kiu ya mnyama haikuhitaji hoja.

Nimelitafakari neno hilo kiangazi hiki, punda wanapopita mbele ya kanisa wakikokota mikokoteni ya maji. Mmoja nilimhesabia madumu kumi ya lita 20. Nilimwuliza kijana aliyemwongoza amemnywesha lini. Akajibu kwa heshima, "Jana asubuhi, Baba. Kila dumu lina mteja wake." Sikumkemea; dumu moja ni unga wa nyumbani kwao.

Hata hivyo, tuitazame hesabu yenyewe. Farasi wa kilo 500, akiwa amepumzika na joto likiwa la wastani, huhitaji takriban lita 25 hadi 30 kwa siku. Kazi na jua huweza kuzidisha kiasi hicho maradufu. Punda, mwenye umbo dogo na asili ya nchi kame, hutosheka na pungufu ya hapo. Lakini uvumilivu wake ndio unaomponza: huendelea kula hata maji yakiwa yamempungukia mwilini, nasi tukamdhania mzima. Tena majani mabichi huwa na maji mengi, ilhali mabua makavu ya msimu huu hayana karibu chochote. Chakula kikikauka huweza kuziba utumbo, na wanyama wa jamii hii hawawezi kutapika. Punda akifa kwa maumivu hayo, mkokoteni husimama na watoto hulala njaa.

Wapo wanaoamini kwamba mnyama mwenye jasho asinyweshwe mpaka apoe. Wataalamu wa farasi wamekwisha kuiacha imani hiyo. Anywe mara kwa mara, na maji yawe safi, kwa maana punda (tunayemwita mpumbavu!) huyakataa maji machafu.

Tumekata pipa la plastiki na kuliweka chini ya mwembe, kando ya bomba la parokia. Maji yake hayalipiwi. Jumuiya ya zamu italiosha kila Jumamosi. Wenye mikokoteni waambieni wapitie lango dogo, upande wa nyumba ya mapadre. Hufunguliwa saa 12 asubuhi.