Kajiado, Mahali pa Makimbilio

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Namanga hufika kwanza Kitengela. Zamani palikuwa uwanda wa malisho ya Wamaasai. Leo ni mji wa maduka, nyumba za kupanga na vumbi la malori. Akiisha kupita Isinya huona tena nyika na ng'ombe, hata afike Kajiado, makao makuu ya kaunti, mwendo wa kilometa kama 80 toka Nairobi. Mji huo hauna boma la mawe wala ngome, lakini una mahali pa makimbilio: shule ya bweni ya wasichana, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kanisa la Africa Inland.

Desturi ya makimbilio ni ya kale. Kitabu cha Hesabu chataja miji sita ya kukimbiliwa na mtu aliyeua pasipo kukusudia. Huko London, mtaa wa Whitefriars, penye nyumba ya zamani ya watawa wa majoho meupe, ulikuwa kimbilio la wenye madeni, kwa kuwa siku zile mwenye deni aliweza kutiwa gerezani. Nyuma yao wakaingia wezi na walaghai, na maofisa wa sheria wakaogopa kukanyaga humo. Mwaka 1697 sheria ilifuta haki hiyo. Kasoro ya mtaa ule ni kwamba ulimficha mtu, bali deni lake haukulimaliza.

Katika Kenya yenyewe, watumwa waliotoroka mabwana wao wa pwani walikimbilia misheni ya Rabai. Mabwana wakaja kuwadai kama mali iliyopotea. Tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa Imperial British East Africa Company alitoa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400, mabwana wakilipwa fidia. Fidia hiyo yatia uchungu, maana mtu si mali. Hata hivyo mtoro aliweza kutembea mchana bila hofu.

Msichana akimbiliaye Kajiado hakukopa kitu wala hakuiba. Baba yake amepokea ng'ombe wa mahari, naye mchumba adai mke. Basi mtoto ndiye atakiwaye kulilipa deni kwa mwili wake, akeketwe, kisha aozwe angali mdogo. Priscilla Nangurai, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo, aliwapokea wengi wa namna hiyo. Lakini hakutosheka na kufunga lango. Jitihada ilifanywa pia ya kuwapatanisha na wazazi wao. Sheria ya mwaka 2001 ilikataza kuoza na kukeketa watoto, na ya mwaka 2011 ikapiga marufuku ukeketaji wote.

Sheria hulinda mlango, lakini haimrudishi mtoto nyumbani. Likizo ifikapo, wenzake wakifunga masanduku yao, yeye atakwenda wapi? Hapo ndipo kazi ya wazee ilipo. Dawa ya deni ni kulipa, na alipaye na awe yule aliyepokea. Ng'ombe wakirudi walikotoka, binti naye aweza kurudi kwa mama yake, na shule ikawa shule tu.