Zote Ziliitwa i5

Kwa siku tisa nilimdanganya mama yangu kwamba kipande kimoja cha kompyuta bado kiko njiani. Hakikuwa njiani. Kilikuwa chini ya mto wangu wa kulalia, kimefungwa ndani ya karatasi ya biskuti, na kilikuwa kimenila shilingi 2,500.

Acha nianze mwanzo.

Naishi Kakuma 3 tangu 2012. Nilifika nikiwa mtoto wa darasa la nne, tumetokea upande wa Fizi, Kivu ya Kusini. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi, wale tunaolipwa motisha, na mama anauza mandazi asubuhi kwenye njia ya kwenda bombani. Hapa kwetu mtu akitaka kuchapiwa barua, CV au maombi ya masomo, anatembea mpaka sokoni, anapanga foleni kwa mwenye kompyuta, analipa kwa ukurasa. Siku ya mwisho ya maombi foleni inakuwa kama ya mgao. Mwaka jana wanafunzi wangu wawili wa zamani walikosa kutuma maombi ya chuo juu stima ilipotea wakiwa bado wanangoja zamu. Walirudi nyumbani na vyeti vyao kwenye bahasha. Hapo nikasema: mimi nitakuwa na mashine yangu.

Nilikuwa na akiba ya 6,000. Mama yuko kwenye chama cha wamama kumi, kila mmoja anatoa 1,000 kwa mwezi, na zamu yake ilikuwa imefika. Hiyo 10,000 ilikuwa ya magunia ya unga na mafuta ya kukaangia. Alinipa yote, imefungwa ndani ya kitambaa.

"Chukua," akasema. "Lakini hii makuta iko ya kazi, haiko ya kuchezea. Mwezi wa tatu irudi."

Wengi waliniuliza kwa nini sinunui laptopu. Kwa 16,000 laptopu unayopata betri yake imekufa, na herufi mbili tatu za kibodi zimekufa pia. Ikiharibika bodi, umebaki na sahani. Kompyuta ya mezani iko tofauti: kikifa kipande, unabadilisha kipande. Tena vumbi letu mnalijua, na joto la hapa mnalijua. Ya mezani unafungua kasha, unapiga brashi, unafunga.

Shida ni kwamba vipande viko Nairobi na mimi niko Kakuma. Kutoka hapa unahitaji kibali cha safari, na huwezi kuomba kibali kwa ajili ya kwenda kutazama feni. Kwa hiyo nilinunua kwa macho ya mtu mwingine. Yaya yangu anaishi Nairobi. Alikuwa anaenda Luthuli Avenue, mtaa wa vitu vya umeme, ananitumia picha kwa simu, mimi nasema ndiyo au hapana, halafu mzigo unapanda basi kupitia Kitale na Lodwar. Ukikosea, kosa linasafiri njia hiyo hiyo kurudi, na nauli ni yako.

Nilianza na madabodi, ule ubao mkubwa ambao vyote vingine vinachomekwa juu yake. Nilipata ya H61, iliyotumika, 3,500. Baada ya wiki mbili nikatafuta prosesa. Kijana mmoja wa mtaani alikuwa ameniambia, "Mwalimu, wewe tafuta i5, utapona." Yaya akapata duka lenye mbili: i5-3470 kwa 1,800 na i5-4570 kwa 2,500. Zote i5. Nikatazama namba. Nne inapita tatu, si ndiyo? Nikamwandikia: chukua ya nne.

Ilifika jioni. Niliweka madabodi juu ya meza, nikawasha taa ya sola. Prosesa za aina hii hazina miguu; miguu iko ndani ya soketi ya madabodi, nyaya ndogo sana kama nywele zilizolala upande mmoja. Pembeni ya prosesa kuna mapengo mawili madogo ambayo lazima yakutane na vinundu viwili vya soketi. Hayakukutana. Nikaigeuza, hayakukutana. Ukubwa ulikuwa sawa kabisa, kwa hiyo nikajiambia labda inahitaji kusukumwa kidogo. Nikaweka kidole gumba juu.

"Mwalimu, toa hicho kidole."

Alikuwa fundi wa redio, mzee Mrundi jirani yetu, aliyekuja kuomba chumvi. Akavaa miwani, akasoma maandishi ya soketi, akasoma prosesa, akasikitika kwa kichwa. Soketi yangu ni LGA 1155. Hiyo namba ni hesabu ya zile nyaya. Kizazi cha pili na cha tatu cha Intel Core, yaani namba za 2000 na 3000, vinaingia humo. Ile ya 4570 ni kizazi cha nne, inaingia LGA 1150. Tofauti ya nyaya tano tu, lakini hata ukifunga kwa nguvu haitafanya kazi, na nyaya za soketi zikipinda madabodi nayo imekwenda.

"Jina ni moja, mlango si mmoja," akasema. Akachukua chumvi yake, akaenda.

Ndiyo nikaweka prosesa chini ya mto.

Zile siku tisa sizipendi. Mama alikuwa amekopa unga kwa jirani, anakaanga nusu ya mandazi ya kawaida, saa mbili asubuhi ameshamaliza, anakaa na sufuria tupu huku wateja wanapita. Kila jioni anauliza, "Basi limefika?" Nami nasema, "Bado, mama." Duka lilikuwa limeshamjibu yaya kwamba mali iliyouzwa hairudi. Siku ya kumi niliitoa ile karatasi ya biskuti, nikaiweka mbele yake, nikasema yote.

Aliitazama muda mrefu. Ni kitu kidogo, kinakaa katikati ya kiganja.

"Sasa hawa wawili wamekataana?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe uliwaoza bila kuuliza ukoo?"

Nikanyamaza.

"Kwetu watu wanauliza pande zote mbili. Wewe umeuliza upande mmoja, halafu umeangalia mahari tu." Akainuka kwenda kutazama moto. Hakunigombeza. Hakula na sisi jioni hiyo, na hilo ndilo liliniuma.

Yaya alirudi dukani mara tatu. Mwishowe wakakubali kubadilisha kwa ile 3470, bila kurudisha ile tofauti ya 700. Nauli za mzigo, kwenda na kurudi, 600. Jumla kosa lilinigharimu 1,300.

Kuanzia hapo nilifanya kama mama alivyosema. Nilichukua karatasi, nikaandika kila kipande na ukoo wake, na sikutuma hela mpaka pande zote mbili ziwe zimejibu. Nawaandikia hapa kwa ajili ya yule ambaye naye anakusanya makuta.

Prosesa na madabodi: uliza namba ya soketi ya kila moja, usiulize jina. Halafu uliza kama madabodi inaijua hiyo prosesa. Bodi nyingi za H61 zilitoka wakati wa kizazi cha pili. Kizazi cha tatu kilikuja 2012. Kama BIOS yake ni ya zamani, prosesa itaingia vizuri kwenye soketi, feni itazunguka, lakini skrini itabaki nyeusi. Dawa ni kusasisha BIOS, na kwa kawaida unahitaji prosesa ya kizazi cha pili ya kuazima ili uwashe. Mimi kabla ya kurudisha ile 4570 nilituma madabodi nayo kwenye basi lile lile. Yaya akamwambia muuzaji aziwashe pamoja, akachukua video ya skrini ikiwaka, ndipo akapokea. Huo ndio ushauri wangu mkubwa: usilipe kipande ambacho hujaona kinawaka.

Picha: 3470 ina uwezo wa picha ndani yake, huhitaji kadi nyingine. Si zote. i5-3350P, kwa mfano, haina, na bila kadi ya picha hutaona kitu.

RAM: H61 yangu inatumia DDR3. Ya DDR4 pengo lake liko mahali pengine, haiingii. Na ya laptopu ni fupi, haiingii pia, hata kama imeandikwa DDR3. Nilichukua mbili za GB 4, juu mbili zikifanya kazi pamoja zinapita moja ya GB 8 kwa mwendo.

Feni ya prosesa: feni za zamani za soketi 775 zinafanana sana na za 1155. Matundu yake yanapishana milimita 3 tu, 72 kwa 75. Hizo milimita 3 zinatosha kukurudisha Nairobi.

Pawa saplai: inahitaji plagi ya pini 24 kwa madabodi na nyingine ya pini 4 kwa prosesa. Angalia zote mbili, kwa sababu baadhi ya kompyuta za ofisini zina plagi zao za pekee zisizooana na bodi za kawaida. Nguvu usiogope. Prosesa yangu imeandikwa wati 77, sina kadi ya picha, kwa hiyo wati 300 za kweli zinatosha na kubaki. Nikiwa nachapa tu, mashine na skrini vinakula kama wati 60 hadi 80. Aliye na sola apige hesabu hapo.

Na hapa fundi aliniokoa mara ya pili. Nyuma ya pawa saplai yangu kulikuwa na kitufe chekundu, kimeandikwa 115. Nilikuwa nimeshashika waya wa stima. Akauliza, "Hii imetoka wapi?" Stima ya Kenya ni volti 240. Mashine zilizotumika Marekani zinakuja na kitufe hicho kwenye 115, na ukichomeka hivyo hapa utasikia mlipuko na harufu. Akakisukuma kwa bisibisi kwenda 230. Kazi ya sekunde moja.

Nikapiga jumla: 16,300. Zile 300 nilimkopa fundi huyo huyo. Kama ningeuliza ukoo mapema, 1,000 ingebaki mkononi, na ingekuwa unga wa mama.

Iliwaka Jumapili mchana. Niliweka Linux Mint kutoka kwenye flashi, ni ya bure, na ndani kuna LibreOffice ya kuchapia. Mama alikuja na mikono ya unga, akasimama mlangoni.

"Sasa inaandika?"

"Inaandika."

"Andika majina ya chama."

Nikaandika wamama kumi, miezi kumi, zamu ya kila mmoja. Hiyo kazi sikulipwa na sikuomba. Mwezi wa tatu nilirudisha 6,500. Zilizobaki nilimaliza mwezi wa tano. Sikutimiza ahadi, na kwenye chama kila mmoja alijua.

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili, naomba neno moja. Mnapotuletea kompyuta zilizotumika tunashukuru. Lakini zikija ishirini za aina ishirini, ikifa moja imekufa peke yake. Zikija ishirini za aina moja, mbili zikifa zinakuwa dawa ya kumi na nane. Na mtuachie karatasi yenye majina ya vipande vilivyo ndani. Mafundi tunao, mmoja anaishi nyuma ya nyumba yetu. Kinachowakwamisha ni kukosa kujua ukoo wa kitu kabla hakijapanda basi.

Wale wanafunzi wangu wawili: mmoja alishaondoka kambini, sijui kama aliomba tena. Mwingine alikuja wiki iliyopita na bahasha ile ile, kona zake zimechakaa. Stima ilikuwepo. Tulianza saa tisa, tukamaliza kabla ya giza, na mama akamletea mandazi mawili akiwa bado anasoma ukurasa wa mwisho.